Betri za Mzee Darwesh

Kijiji cha Ujamaa Ipole,
3 Machi 1974

Mzee Darwesh,

Shikamoo. Mimi mzima isipokuwa mgongo. Tangu tumbaku ianze kuvunwa tunaikausha kwa zamu katika mabani manne, vile vibanda vya moto, na kuni zote zinapita mabegani mwetu vibarua. Bani likishawashwa halizimwi mpaka siku ya sita. Nakueleza hivi usije ukasema Abasi mvivu, nimempa kamera tangu Januari na filamu moja imemshinda.

Filamu ina picha kumi na mbili na nimepiga tano. Ya kwanza ni wewe mwenyewe, siku ile uliyonifundisha hapo studio, umesimama mbele ya pazia na betri mkononi. Nyingine nne ni za watu wa hapa, nazo zimenitoa jasho kuliko kuni.

Tatizo ni flashi. Betri zako zilipokwisha nilinunua nne ndogo za tochi katika duka la ushirika. Sasa nikiiwasha inalia nyiii kama mbu, inalia, inalia, kitaa chekundu hakiwaki. Picha ya tano nilimwambia mtu acheke. Akacheka mpaka taya likamuuma, akaacha, akakasirika, akataka kuondoka, ndipo kitaa kikawaka. Atatoka amekasirika na atasema kosa ni langu. Mwenye duka naye ananiambia, "Betri ni betri, Abasi. Redio yangu inaimba, taa yako ina maringo gani?"

Kwa hiyo nijulishe. Ninunue betri gani? Naweza kuchanganya mbili mpya na mbili za zamani? Naweza kuunga zile kubwa za redio kwa waya?

Ninaharakisha kwa sababu ya mama mmoja, Leonia, anayefunga majani ya tumbaku kwenye vijiti. Mama yake mzazi hatembei tangu walipohamishiwa hapa kijijini. Yuko ndani mchana kutwa, na nyumba haina dirisha. Leonia anataka picha ya mama yake. Nimeingia mle na kamera: bila flashi ni sawa na kupiga picha ndani ya chungu. Nimemwahidi.

Mzee, ulisema nikiweza filamu tatu zikatoka vizuri, utanichukua studio nikasaidie. Nina miaka arobaini na mmoja. Babu yangu alitoka Ujiji na mzigo begani, akapita hapahapa kwenda pwani, akarudi. Mimi nimetoka Ujiji, nikaishia kwenye kuni. Nataka kuutua mzigo huu.

Abasi bin Yahaya


Studio, Tabora,
11 Machi 1974

Ndugu Abasi,

Marahaba. Barua yako imeletwa na Anton, dereva wa lori la tumbaku, salama.

Betri si betri. Zile za ushirika zimekaa rafuni, hakuna ajuaye ni tangu lini, na nguvu yake ni ya kutoka polepole. Redio hunywa kwa kijiko, lakini flashi hunywa kwa bakuli. Ndiyo maana redio ya mwenye duka inaimba na wewe unangoja.

Zipo za kuchaji, ambazo hujaza flashi upesi, ila zinataka umeme nanyi huko hamna. Tena zikikaa bure wiki mbili zinakwisha zenyewe. Kwa mtu aliye mbali na umeme zinazofaa ni zile nzito zilizoandikwa alkalini. Nakuletea nne. Ndizo zilizobaki kabatini, na mjini hazipatikani.

Usichanganye mpya na za zamani, kwa maana ya zamani huinyonya mpya na zote nne hulala. Usiunge betri za redio. Ukimaliza kazi toa betri kwenye flashi, zisibaki ndani. Zikichoka hutoa maji, na maji hayo hula shaba.

Filamu hiyo usiikawize. Picha ulizokwisha kupiga zinatosha. Izungushe mpaka mwisho, itoe ndani ya blanketi pasipo na mwanga, ifunge vizuri, mpe Anton.

Darwesh


Tabora,
12 Machi 1974

Mdogo wangu Fakhria,

Nimefurahi kusikia umefika Nzega salama na miguu imepungua kuvimba. Leo ni siku ya ishirini tangu tumzike Darwesh. Wageni wa hani wamekwisha kunipa pole. Shemeji yangu Thuwaini anakuja asubuhi, anakohoa mlangoni, anaacha mkate na maziwa, anaondoka. Baada ya hapo ni mimi na kuta za eda.

Nina jambo nimelifanya na sina mwingine wa kumwambia.

Unajua tulivyopekua nyumba tukitafuta picha yake. Mtu amepiga picha mji mzima miaka thelathini, na yake haipo. Ile ya cheti cha zamani imeliwa na mchwa, ikabaki sikio. Nilikuwa nikimwambia, "Simama basi na wewe nikupige." Ananijibu, "Nani anataka kuona uso wa mpishi? Watu wanataka wali."

Jana imekuja barua kutoka Ipole, ya kibarua mmoja ambaye Darwesh alimpa kamera ya kuzunguka nayo. Hana habari ya msiba. Anauliza mambo ya betri. Na katikati ya maneno hayo anasema picha ya kwanza kwenye filamu iliyomo ndani ya kamera ni ya Darwesh. Fakhria, nilikaa chini sakafuni.

Nilitaka kumwandikia kwamba mwenyewe amefariki. Unajua macho ya Darwesh yalivyokuwa. Miaka kumi na moja barua zote za studio alisema yeye, nikaandika mimi. Nikaanza na betri kwa sababu ndizo alizoulizia, na majibu nayajua. Nilipofika mwisho mkono ukaandika Darwesh, kama ulivyozoea. Nikatazama. Sikufuta. Muda wote nilipokuwa naandika ni kama alikuwa ameketi pale, akisema niandike.

Tena ninaogopa. Huyu mtu anangoja kuchukuliwa kazi hapa. Akisikia studio haina mwenyewe, ataiuza kamera kwa mpita njia, na filamu itakwenda nayo. Acha kwanza filamu ije.

Nayo isichelewe. Dawa ya kusafishia picha imebaki kopo moja, limeshafunguliwa, na Tabora nzima hakuna jingine. Ikigeuka rangi ya chai haifai tena. Kila asubuhi nafungua nanusa.

Dada yako,
Khole


Ipole,
30 Machi 1974

Mzee Darwesh,

Shikamoo. Betri nimepata. Hizo ndizo betri! Kitaa kinawaka kabla sijamaliza bismillahi. Nimepiga nne siku moja, pamoja na msimamizi wa mabani aliyevaa koti la kuazima na saa ya kuazima. Sasa ni tisa.

Kwa mama yake Leonia bado. Siku niliyokwenda alikuwa na homa, akageukia ukutani. Leonia akasema, "Mwache, mgongo wake sitautambua."

Kuhusu kuitoa filamu kabla haijaisha, hapo sikukuelewa. Wewe ndiye uliyenifunza kwamba filamu isiyofika kumi na mbili ni nyumba isiyoezekwa. Ulisema ukiniona naleta filamu nusu utanivika shingoni kama hirizi. Leo unaniambia leta nusu! Au unanijaribu? Hapana, nitaleta kumi na mbili.

Nakuuliza jambo jingine, usinikasirikie. Unaumwa? Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta. Hukuniita punda hata mara moja. Umenitaja "Ndugu Abasi" kama katibu wa tawi. Nikasema labda mzee kapata homa, au kapata dini zaidi.

Alkalini nazitunza kwa ajili ya yule mama tu. Kwa kazi nyingine nitatumia zile za ushirika, sikuzitupa. Hapa kila mwenye redio, betri zikichoka anaziweka juu ya bomba la moto la bani. Zikipata joto zinaimba siku mbili tatu zaidi. Nitafanya hivyo.

Ujiji hakuna anayeniandikia tangu mama afariki. Anton akishusha mfuko wa barua wenzangu wanakimbilia, mimi nilikuwa nabaki na kuni. Siku hizi nami nakimbia. Wananitania, "Abasi kapata mchumba Tabora." Nawajibu, ndiyo, ana ndevu.

Abasi


Studio, Tabora,
8 Aprili 1974

Wewe punda wa Ujiji,

Siumwi. Nilikuheshimu mara moja tu ukaona nimekaribia kufa. Heshima haikufai.

Nani alikwambia betri ni muhogo, ichomwe? Betri iliyochoka ukiipasha moto unaikamua tone la mwisho, na ganda lake linapasuka. Kwenye redio utaharibu redio. Kwenye flashi yangu utaharibu flashi yangu, nami nitakuharibu wewe. Zitupe hizo za ushirika leo, mbali na kuku.

Nakuletea nne za kuchaji. Zimekaa kwenye umeme tangu jana. Zitumie wiki hiihii, piga picha tatu zilizobaki. Piga chochote. Piga mbuzi, piga bani, piga mguu wako. Lori linalofuata nataka filamu. Dawa ya kusafishia inazeeka hapa kama mimi.

Sisemi tena.

Darwesh


Ipole,
29 Aprili 1974

Mzee Darwesh,

Shikamoo. Nimesoma "punda wa Ujiji" nikacheka peke yangu mpaka wenzangu wakageuka. Nikasema alhamdulillahi, mzee mzima. Nilikuwa na haja ya kucheka, kwa sababu barua yako ilipofika kosa lilikuwa limeshafanyika.

Nitasema lote. Mvua ilikata njia na lori halikuja siku kumi na mbili. Mimi sikungoja. Nilipasha zile za ushirika juu ya bomba, nikazitia kwenye flashi, nikapiga picha mbili za harusi. Ziliwaka vizuri, nikajisifu. Tulipoitwa kulisha bani nikaacha flashi na betri ndani, siku tatu. Niliporudi, maji meupe yametoka, yameganda kama chumvi, na vile vyuma vidogo vimekuwa kijani. Nikafuta kwa majivu na limau. Nikatia alkalini, kimya. Za kuchaji zilipofika nikatia, kimya. Hata ule mlio wa mbu haupo. Nilikuwa nauchukia, sasa nautafuta.

Ulinionya mara mbili. Ya kwanza sikusikia, ya pili imechelewa. Flashi ni yako, na studio sistahili tena. Lakini niliyokuahidi na niliyomwahidi Leonia sitayakimbia. Picha zimefika kumi na moja, na ya kumi na mbili ni ya mama yake.

Yuko fundi redio, anapita vijijini. Nimemwonyesha. Amesema huenda flashi ni nzima na ubovu uko ndani ya kamera, anataka kuifungua mgongo atazame waya. Atakuja Jumamosi tarehe 11 Mei. Najua mwanga ukiingia picha zitaungua. Nimefikiri, nikaona si hasara kubwa. Hao watu wote wako hapahapa, nitawapiga tena. Na wewe uko hapo Tabora, hukimbii, nitakupiga tena nikija.

Nisamehe.

Abasi


Tabora,
6 Mei 1974

Abasi,

Usifungue kamera. Mtu yeyote asiifungue. Soma kwanza hii mpaka mwisho.

Anayekuandikia ni Khole, mke wa Darwesh. Mkono huu unaujua, kwa sababu barua zote alizokuletea tangu mwanzo niliandika mimi, yeye akisema. Mbili za mwisho hakusema yeye. Darwesh alifariki tarehe 20 Februari baada ya sala ya adhuhuri. Alishika kifua, akaniomba maji, nilipoleta hakuyanywa. Barua yako ya kwanza ilinikuta siku ya kumi na tisa ya eda.

Mimi ndiye niliyekuita ndugu, na mimi ndiye niliyekuita punda. La punda niliandika nikisikia sauti yake. Naomba radhi.

Nilikuficha kwa sababu picha aliyosimama mbele ya pazia ndiyo pekee iliyopo duniani. Mtu huyu hana nyingine. Siku sabini na tano tu zimepita, na tayari nikifumba macho naiona kofia yake, naiona miwani, uso wenyewe unakuja na kuondoka. Sina ujanja mwingine wa kuushika.

Flashi sitaki. Kamera baki nayo, ni yako. Kazi ya studio siwezi kukuahidi. Eda ikiisha Thuwaini, shemeji yangu anayeniachia mkate mlangoni, atafunga duka. Nakuomba filamu tu. Mtoe huyo fundi mlangoni.

Wala usije kwa hani, siwezi kukupokea. Andika tu.

Khole binti Humaidi


Ipole,
12 Mei 1974

Mama Khole,

Shikamoo. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun.

Lori lilifika jana Jumamosi saa nne. Fundi alikuwa ameketi kwenye gogo, bisibisi mkononi, kamera mapajani, ananiambia, "Shika hapa." Anton akaniita. Nikasema ngoja nisome kwanza. Niliposoma mstari wa kwanza nilimpokonya kamera kwa nguvu hata akaanguka chali. Amenitukana sana. Ana haki, sijamweleza bado.

Mama, nitasema kweli, sina njia nyingine ya kusema. Nilikasirika. Miezi miwili nampigia maiti shikamoo na kuuliza kama anaumwa. Wenzangu walinitania, mimi nikawajibu kwa furaha. Nilijiona mjinga. Nikaenda kupasua kuni zisizo za zamu yangu mpaka jua likashuka, hasira ikakataa kwisha, halafu ikaisha ghafla, nikabaki nimeshika shoka tu. Nilikumbuka uliposema alikuwa anasema na wewe unaandika. Basi hata punda zile za zamani ziliandikwa na wewe. Nikaona siwezi kukukasirikia wewe nikambakiza yeye.

Filamu hii hapa. Nimeifunga kwa kitambaa cheusi, na juu yake jani la tumbaku, na juu yake kopo. Anton ameapa kuiweka mapajani mpaka Tabora.

Zimetimia kumi na mbili. Leo asubuhi nilikwenda kwa Leonia nimwambie ahadi imekufa, flashi haipo. Akaniuliza, "Hiyo flashi inaleta nini?" Nikasema mwanga. Akasema, "Si ndio huu hapa nje?" Akaita wanaume wanne, wakashika kitanda miguu minne, na mama yake juu yake, wakakipitisha mlangoni ubavu ubavu, yule bibi anapiga kelele kwa Kinyamwezi kwamba tunamzika mzima. Tukamweka juani. Akafumba macho, akayafumbua, akaanza kuuliza ile nyumba ni ya nani na yule kuku ni wa nani. Tangu aletwe kijijini hakuwa amekiona. Nikapiga. Miezi miwili nasumbua watu wawili Tabora, mmoja hai na mmoja marehemu, kwa ajili ya betri.

Sasa lile zito. Ile picha ya mzee, usiitegemee sana. Nilijisifu kwenye barua, lakini siku ile ndiyo kwanza nashika kamera. Nilisimama karibu mno, nikitaka uso ujae. Mzee alifungua mdomo kusema kitu, nami nikaona aibu kungoja anisahihishe, nikabonyeza. Flashi iliwaka, hilo nina hakika. Mengine sina hakika.

Nangoja.

Abasi bin Yahaya


Tabora,
27 Mei 1974

Abasi,

Marahaba. Kopo limefika, na Anton hakulitoa mapajani hata alipokunywa chai Sikonge, amejisifu mwenyewe kwa Thuwaini.

Dawa ilikuwa imeanza kuwa njano. Nilisafisha filamu peke yangu, nikihesabu kwa mdomo kwa sababu saa ya chumba cha giza ilikuwa kazi yake. Nilipoitundika ikauke sikuitazama. Nilikwenda nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu. Kisha nikarudi.

Nakwambia kama ulivyoniambia, bila kuzunguka. Kamera ile ina macho mawili. La juu ndilo unalotazamia, la chini ndilo linalopiga. Ukiwa mbali yanaona kitu kimoja. Ukisogea karibu kila moja linaona lake, na la chini linaona chini zaidi. Wewe ulimwona mzima. Kamera ilimwona kuanzia puani kwenda chini.

Hana macho, Abasi. Hana paji la uso, kofia haipo, miwani haipo. Kuna ncha ya pua, na ndevu, na mdomo uko wazi. Kuna kanzu na kile kifungo nilichokishona kwa uzi usiofanana. Kuna mkono wake wa kulia umeshika betri mbili kati ya vidole kama mtu anayeshika tende, kucha zimeingia dawa. Mwanga ni mzuri sana. Kila unywele wa ndevu unahesabika.

Thuwaini alipoiona alisema, "Hii si picha ya mtu, shemeji. Huwezi kutundika ukutani mtu asiye na kichwa." Akasema niitupe, watoto watatishika.

Nilikuchukia siku mbili. Nilisema huyu kibarua, hatua moja tu nyuma, hatua moja. Siku ya tatu niliweka picha mezani nikala nayo. Nikatazama ule mdomo. Nimeishi nao miaka ishirini na tisa, najua ukisema nini unakaa vipi. Alikuwa anakwambia, "Rudi nyuma, punda." Ulimi uko pale kwenye "nyuma." Nilicheka, Abasi. Kisha nikalia, mara ya kwanza tangu afariki, kwani wale wanawake walipokuwa wakilia kwa zamu sebuleni mimi nilikuwa nikiwatandikia mikeka.

Sikuitupa. Macho nimeyakosa, na nadhani nitaendelea kuyakosa, yataondoka taratibu kama yalivyoanza. Sauti haitaondoka. Imekaa pale kwenye mdomo.

Katika zote kumi na mbili, bora ni ya bibi kitandani. Macho yake mawili yametazama kamera kama anayeidai. Darwesh angeitundika dirishani. Nakuletea picha za watu wako wote, na hizo ndizo za mwisho kutoka chumba hiki. Karatasi zimekwisha na dawa imekwisha. Moja ya Darwesh nimekuchapia wewe. Usipoitaka, irudishe, usiitupe.

Khole


Ipole,
7 Julai 1974

Mama Khole,

Shikamoo. Nimehesabu na naona eda imeisha wiki iliyopita. Sijui watu husema nini siku hiyo. Nasema Mungu akufungulie kwa heri.

Nimechelewa kujibu kwa sababu msimu umekwisha. Mabani yamezimwa, wenzangu wengi wameondoka kwenda kwao, na mimi nimebaki na watatu kukata kuni za mwaka ujao. Lori la Anton haliji sasa ila mara moja kwa mwezi. Kijiji kimekuwa kimya. Leonia alipewa picha ya mama yake, akaitazama mbele na nyuma, akasema, "Kumbe anafanana na mimi." Hakusema asante, ila kila Jumapili ananiletea bakuli la asali.

Ile ya mzee sikuirudisha. Nimeichomeka juu ya kitanda. Wote wanaoingia wanauliza, "Huyu nani, mbona hana kichwa?" Wa kwanza nilimweleza yote, ikawa ndefu, akasinzia. Sasa nawaambia ni mtu aliyekuwa ananiandikia barua. Wanasema, "Na aliyemkata kichwa?" Nawaambia ni mimi. Wanatoka nje wananitazama vibaya.

Mama, lile la hatua moja limenikaa. Nikibeba kuni nalifikiria. Nimejaribu hapa bila filamu, nikimtazamia mtu kwa jicho la juu kisha nikishuka kutazama kwa la chini, nikarudi nyuma hatua moja, na kweli, kichwa kinaingia. Ni kitu kidogo hivyo. Sikuombi unisamehe, nakuarifu tu kwamba sasa najua.

Nilikaa na karatasi hii tangu asubuhi. Barua zangu zote nilizokuandikieni zilikuwa na swali. Betri gani, nichanganye, nisichanganye. Sasa sina flashi, wewe huna dawa, studio imefungwa, na sijui barua isiyo na swali inaanzaje. Nimeogopa kwamba nikikosa swali hutakuwa na sababu ya kujibu.

Kwa hiyo nauliza. Leo umekula nini? Umepika mwenyewe, au Thuwaini bado anaacha mkate mlangoni? Mimi nimekula ugali na kisamvu, kisamvu kimezidi chumvi.

Nijibu hata mstari mmoja. Anton atapita hapo Ijumaa.

Abasi